Sululu, Ndege wa Mabonde ya Majimaji



Mtu apitaye asubuhi katika kinamasi cha nyanda za juu za Kenya huweza kushtuka. Ndege mwenye rangi ya majani makavu huruka ghafula karibu na miguu yake, akaenda kombokombo, kisha akatua mbali asionekane tena. Huyo ndiye sululu.

Mdomo wake ni mrefu na umenyooka. Huuchomeka katika tope laini, na kwa kuwa ncha yake ina mishipa mingi ya fahamu, humtambua mnyoo asiyeonekana. Tena aweza kuifungua ncha peke yake, hali mdomo umezama topeni. Macho yake yako nyuma kichwani. Kwa hiyo hata akiinama kula, humwona adui atokaye nyuma. Majira ya kuzaa, dume hupaa juu kisha hujitupa chini, na upepo upitao katika manyoya ya kando ya mkia hutoa mvumo usikikao mbali.

Yuko sululu wa Afrika, akaaye kwetu siku zote. Wengine ni wageni wakimbiao baridi ya Ulaya na Asia. Mwaka 2011 wataalamu walieleza kwamba sululu wakubwa, waliofungwa vyombo vidogo huko Sweden, waliruka zaidi ya kilometa 4,000 hadi Afrika pasipo kutua. Jamaa zao wenye midomo iliyopinda huonekana pwani, kama vile Mida, wakitafuta kaa maji yanapokupwa.

Ndege hawa hawawezi kuishi penye ardhi kavu, maana mdomo wao hautoboi udongo mgumu. Bonde likichimbwa mifereji na kukaushwa, sululu huhama. Mkulima ana haja ya shamba, wala haifai kumlaumu. Lakini bonde la majimaji hushika maji ya mvua na kuyaachilia polepole; likikauka, huenda kijito kikakosa maji wakati wa kiangazi, na ng'ombe wakateseka.

Mkataba wa kuhifadhi mabonde ya namna hii ulitiwa sahihi mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971, na Kenya iliingia mwaka 1990. Hata hivyo kazi kubwa i mikononi mwa wenye mashamba. Yafaa kuacha ukanda wa majani kando ya kijito bila kuulima, wala kuuchoma moto, kwa kuwa sululu hutaga mayai chini. Bonde limfaalo sululu humfaa na mwenye ng'ombe.