Gitaa na Kisanduku Chake

Leo nazungumza hasa na vijana wapigao gitaa la umeme katika ibada, na pia na wazee wa kanisa ambao, kwa ajili ya kelele za gitaa hilo, wameanza kuulizana kama si afadhali lirudishwe stoo.

Katika 1 Wakorintho sura ya 14 Mtume Paulo anatukumbusha kwamba filimbi na kinubi havimfai kitu msikiaji asiyeweza kupambanua sauti zake. Neno hilo linakihusu kile kisanduku kidogo cha miguuni. Kampuni ya Zoom ya Japani ilitoa kimoja mwaka 1990, kiitwacho 9002, kidogo hata kikavaliwa kwenye mkanda wa gitaa. Vingi vya siku hizi hukaa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu. Ndani yake mna mkwaruzo, mwangwi unaorudia, mvumo kama wa ukumbi mkubwa, na mengine mengi.

Kijana akikipata hufungua yote pamoja. Chumbani, peke yake, inapendeza. Kanisani ni habari nyingine. Jengo lenye paa la mabati na sakafu ya saruji lina mvumo wake tayari; ukiongeza wa kisanduku, maneno ya wimbo humezwa, na bibi aliyeketi benchi la nyuma hajui tuko ubeti gani. Basi upunguze, au uuzime kabisa. Na mkwaruzo ukizidi hukuza pia mngurumo wa umeme, hata kabla hujagusa uzi. Mara nyingi kimo kizuizi cha kelele humo ndani, lakini kikikazwa mno hukata noti ingali inalia. Anza kwa kupunguza mkwaruzo wenyewe.

Liko jambo ambalo nadhani huharibu kuliko hayo yote: waya unakwenda wapi? Ukiingia kwenye amplifaya ya gitaa, zima ile sehemu inayoiga spika. Ukiingia moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa, iwashe, maana bila hiyo mkwaruzo hutoka mkali kama nyuki ndani ya debe. Wazee wangu, kijana aweza kulaumiwa mwaka mzima kwa swichi hii moja.

Mwangwi unaorudia nao ufuate mwendo wa wimbo. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika moja: wimbo wa mapigo 80 hupata milisekunde 750, au nusu yake ukitaka wa haraka. Usipofuata, wapiga makofi hupotea.

Weka sauti mbili tatu tu katika kumbukumbu yake, zilingane kwa ukubwa, mzipime Jumamosi humo humo kanisani, kwa nguvu ile ile ya Jumapili. Nanyi wazee njoni. Mmoja akae nyuma kabisa, mmoja karibu na spika, nao waseme wanachosikia.

Na kabla ya kuchomeka adapta, soma kibandiko. Vingi vya visanduku hivi hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta ya redio ya nyumbani yaweza kuwa kinyume. Kama chako hukubali betri, ziwe tayari mfukoni, maana umeme hukatika hata katikati ya zaburi.