Igizo Dhima kwa Akili Mnemba: Kuondoa Woga wa Kuzungumza Kijerumani Meru na Embu

Utangulizi

Walimu wenzangu, tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin. Kwa muuguzi aliyehitimu Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya (KMTC), Meru au Embu, na anayetaka kufanya kazi Ujerumani, kizingiti ni lugha: kwa kawaida hudaiwa kiwango cha B2 ili cheti chake kitambuliwe kikamilifu. Hoja yangu ni kwamba akili mnemba inafaa kuwa mahali pa kukosea bila aibu, mradi mwanafunzi asiishie hapo.

Chanzo cha woga

Wanafunzi wetu wana Kimeru, Kiembu au Kimbeere nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Uwezo wa lugha wanao. Kinachowafunga ni kicheko. Wapo waliosoma katika shule ambako aliyenaswa akiongea lugha ya mama aliadhibiwa, desturi aliyoieleza Ngũgĩ wa Thiong'o katika Decolonising the Mind (1986). Na mtu wa huku Mlima Kenya akichanganya r na l, huchekwa kabla hajamaliza sentensi. Mtu wa namna hiyo huweza kufaulu sarufi yote, kisha akanyamaza mbele ya mtahini.

Namna ya kuigiza

Ukiiambia programu ya akili mnemba "tuzungumze Kijerumani" tu, itakuuliza habari za hali ya hewa na chakula. Ipe dhima kamili: "Wewe ni mgonjwa wa miaka 80. Umeanguka, nyonga inauma, na hutaki kumeza dawa. Mimi ni muuguzi. Tumia Kijerumani cha B1. Usinisahihishe hadi nimalize, kisha nionyeshe makosa 3." Anayekatizwa kila neno hurudi kuwaza sarufi na kumsahau mgonjwa. Raundi ya pili, mgonjwa asisikie vizuri. Ya tatu, akasirike.

Mazungumzo ya sauti hula bando, kwa hiyo simu moja itumiwe na kikundi: mmoja aigize, wengine wasikilize. Habari za wagonjwa halisi wa wodini zisiingizwe kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda.

Mipaka

Mashine ina subira kupita kiasi. Hungoja, hukisia maana ya sentensi iliyovunjika, tena husifu. Katika mtihani wa B2 wa Taasisi ya Goethe, mtahiniwa hutoa hotuba fupi, kisha hujadiliana na mtahiniwa mwenzake, ambaye huweza kupinga na kukatiza. Isitoshe, baadhi ya programu hugeuza sauti kuwa maandishi kabla ya kujibu, na kosa la matamshi likapita bila kuonekana.

Mapendekezo

1. Igizo lililofanywa pamoja na mashine lirudiwe siku hiyohiyo na mwanafunzi mwenzake.
2. Matamshi yabaki mikononi mwa mwalimu.
3. Tupime ujasiri kwa tendo moja: mwanafunzi asipoelewa, aombe kwa Kijerumani maneno yarudiwe, asikimbilie Kiingereza. Muuguzi asiyethubutu kuuliza tena ni hatari kwa mgonjwa, hata awe na cheti gani.