Kwa Nini Nimelisimamisha Gari

(Mazungumzo ya dereva kwa wanakikundi wenzake kijijini)



Najua mmenikasirikia. Jumamosi ilikuwa siku ya gulio. Nyanya zimeshachumwa, matenga yamepangwa kando ya barabara, halafu mimi dereva wenu nasema gari haliendi. Mama mmoja aliyeketi hapa aliniambia usoni kwamba mimi ni mvivu. Sikumjibu. Nyanya zake zimeoza, na ana watoto wanaosoma. Leo nimeomba nafasi nimjibu yeye na ninyi nyote.

Gari letu ni Hilux, pikapu ya dizeli. Tulilinunua kwa michango yetu wenyewe, likiwa limeshatumika. Asubuhi ile, kabla ya kupakia, nilikanyaga breki. Pedeli ikashuka, laini, kama nimekanyaga mto wa pamba. Nikaachia, nikakanyaga tena. Mara ya tatu ndipo ikashika. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta yamekuwa meusi, tena yamepungua. Nikainama chini, nikaona gurudumu la nyuma la kushoto limelowa kwa ndani. Basi nikatoa ufunguo.

Wengi mlisema, "Ongeza oili kidogo, twende." Sikuongeza. Sikilizeni kwa nini.

Mwaka 2009 nilikuwa naendesha pikapu ya tajiri mmoja. Tulipakia nyanya Ilula, tukaenda Morogoro. Ukitoka Ilula kwenda Morogoro kwa barabara kuu, lazima ushuke Kitonga. Waliopita pale wanapajua: huku mlima, huku korongo, malori mbele yako na malori nyuma yako. Wiki ile utingo wangu aliona mafuta ya breki yamepungua, akajaza oili ya injini. Hakuwa na nia mbaya. Aliona oili ni oili. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kuungua. Magurudumu yanashikwa, na mimi sijakanyaga breki. Nilipokanyaga, pedeli ikaenda mpaka sakafuni. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikalisugua gari kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Nyanya zilimwagika zote. Sisi tukapona. Lakini miguu yangu ilitetemeka mpaka jioni.

Sasa, kulitokea nini? Ndani ya breki mna vipira vidogo. Mguu wako unasukuma mafuta kwenye bomba, na mafuta yanasukuma vipira mpaka gurudumu linabanwa. Vipira vile vimetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki peke yake. Vikipata oili ya injini, au mafuta ya taa, vinavimba. Kipira kilichovimba hakirudi mahali pake. Gurudumu linabaki limebanwa, linapata moto, na mafuta ndani yanachemka. Yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke unabonyea. Ndiyo maana unakanyaga na gari haliulizi.

Na hata mafuta yenyewe ya breki yana tabia yake. Ni kama chumvi, yanavuta unyevu wa hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Yakishavuta maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Kwa hiyo msininunulie mafuta ya kupima kwenye chupa ya soda, kutoka kwenye kopo lililofunguliwa tangu mwezi uliopita. Nataka kopo ambalo halijafunguliwa. Na kila baada ya miaka miwili tumwage yote, tuweke mapya. Haya yetu hakuna anayejua yaliwekwa lini.

Hapa ndipo kusoma kwetu kunafaa. Kwenye kifuniko cha kikopo chetu pameandikwa DOT 3. Basi dukani tusome DOT 3. Likipatikana la DOT 4 linafaa pia. Lakini kopo lililoandikwa DOT 5 peke yake liacheni. Hayo ni ya jamii nyingine, hayachanganyiki na haya.

Mnakumbuka ile gasketi ya mwaka jana? Tulimtuma kijana mjini. Akaomba "gasketi ya Hilux ya dizeli". Akapewa ya injini ya 2L, na yetu ni 3L. Ukiziangalia kwa macho ni mapacha. Lakini tundu la silinda ya 2L lina upana wa milimeta 92, na la 3L milimeta 96. Ile gasketi ingeingia ndani ya silinda ikaungua. Tulimlaumu kijana. Mimi nasema kosa lilikuwa letu, hatukumwandikia karatasi. Siku hizi mimi sinunui spea bila vitu viwili: namba ya injini na ya chesisi kwenye karatasi, na kile kifaa cha zamani mfukoni.

Kuhusu spea za mtumba, sizikatai zote. Taa ya mtumba nitanunua, mlango nitanunua, hata kioo. Vipira na pedi za breki, hapana. Na muuzaji akikutajia bei ambayo ni nusu ya maduka yote ya mtaa ule, kwanza mwulize sababu.

Tairi letu la akiba, aliyetuuzia alisema ni jipya kabisa. Likageuzeni. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuteni tarakimu nne za mwisho. Zimeandikwa 3511. Maana yake wiki ya 35, mwaka 2011. Jipya hilo! Lakini hayo ni ya siku nyingine, leo tuna breki.

Ndugu Mweka Hazina, naomba fedha za vitu hivi: kopo moja la mafuta ya breki, vipira vya magurudumu ya nyuma, vyote viwili, wala si cha kushoto peke yake, na pedi za mbele, maana zimebaki nyembamba kama sarafu. Naomba pia mtu mmoja wa kwenda nami dukani, asome mwenyewe kilichoandikwa kwenye boksi. Mama yangu uliyeniita mvivu, ningependa uwe wewe.

Sasa twendeni nje. Nimefungua boneti. Namba ya chesisi iko kwenye kibati kule ndani. Chukueni kalamu, kila mtu aiandike kwenye daftari lake, kisha tulinganishe kama zote zimefanana.