Ulisia Lini?



Wahitimu, kabla hamjavua majoho, naomba tuzungumze juu ya mboga ya lengalenga.

Nilipoanza kazi hapa Kindu, mama mmoja wa ng'ambo ya mto Lualaba, Alunguli, aliniita bustanini kwake. Ilikuwa Novemba, mvua imenyesha siku nne mfululizo. Miche yake ya lengalenga ilikuwa imelala chini, vishina vimenyongeka pale vinapotokea udongoni. Kwenye tuta la mboga zilizokwisha kukua, ncha zilikuwa zimeoza, na juu ya uozo vimesimama vinywele vyenye vichwa vyeusi mithili ya pini. Mama akauliza dawa, nami nikamtajia. Akanunua, akapulizia, na mvua ya jioni ikaiosha yote. Pesa yake ilipotea, na kosa lilikuwa langu.

Nilipaswa kumwuliza kwanza: mama, ulisia lini?

Ukungu ule wa vichwa vyeusi, Choanephora, hubaki kwenye mabaki ya mimea na udongoni. Matone ya mvua huurusha juu, nao hushika jani lililolowa kwa muda mrefu katika joto. Lengalenga huvunwa baada ya wiki tatu hadi sita tu. Muhogo hauna nafasi ya kuchagua. Utapita kwenye mvua upende usipende. Lakini mwenye lengalenga anaweza kuchagua mboga yake ikutane na hali gani ya hewa ikiwa bado laini. Tena ni jani litakaloingia chunguni siku chache zijazo. Mimi sipendi kulipulizia sumu.

Hata hivyo, msiwaambie akina mama waache kulima wakati wa mvua. Hapo ndipo mboga huadimika sokoni na bei hupanda, nao wana watoto wa kusomesha. Waambieni wainue matuta, wasisonganishe miche, wahamishe lengalenga kutoka tuta lililoozesha, na hapo wapande matembele, yanayostahimili mvua zaidi.

Leo tuko Julai. Lualaba imeshuka, kingo zake zina udongo wenye unyevu. Mbegu itakayosiwa wiki hii itavunwa Agosti, kabla mvua za Septemba hazijashika. Wengi wenu mna mama, shangazi au dada mwenye tuta pale mtoni. Jioni hii, mkishakula na kupongezwa, mwulizeni alisia lini, mkaandike tarehe hiyo kwenye daftari.