Kabla ya Kumwasili, Mfahamu

Kumwasili mtoto ni jambo la heri, lakini moyo mwema pekee hautoshi. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inahitaji amri ya mahakama, na afisa ustawi wa jamii huchunguza kwanza. Mzazi mtarajiwa naye aulize: chanjo za mtoto zimekamilika? Amepimwa selimundu na VVU? Mwenye selimundu akipata homa ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kungoja kukuche. Aulize pia nani amemlea mtoto, amehamishwa mara ngapi, nini humtuliza usiku. Mtoto aliyezoea kuachwa huweza kuficha chakula au kukataa kukumbatiwa. Huo si ukaidi, ni woga. Wanaotunza taarifa zake wasizifiche ili tu apate nyumba. Ukweli humwandalia matibabu, na mzazi mwenye subira.