Mganga Hajigangi



Sisi ni madaktari wa familia, tuliohitimu juzi tu, na twaona ya kuwa daktari na karani wana taabu moja: kazi isiyokubali kubaki kazini.

Daktari wa familia humtibu mtoto, mama yake na nyanya yake, naye hukaa nao miaka mingi. Hapa Kenya mafunzo hayo yalianza katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005. Mtu husoma miaka 6, hutumika mwaka 1 chini ya uangalizi, kisha hurudi darasani. Ahitimupo, tayari ana watoto, wazee wanaomtegemea, na wagonjwa wenye nambari yake ya simu.

Mwanzoni tulidhani kukataa ni ukatili. Tuliitikia simu mezani, kitandani, hata matangani. Asubuhi moja, baada ya usiku bila usingizi, mmoja wetu alimwandikia mtoto dawa kwa kipimo cha mtu mzima. Muuguzi akauliza kwa adabu, "Daktari, ndivyo?" Mtoto akasalimika. Jioni mwenzetu alipofika kwake, alikuta mwanawe ana homa siku ya pili, naye hana habari.

Wahenga walinena, mganga hajigangi. Wako walifanyao neno hilo sifa. Sisi twaliona onyo. Ahadi ya madaktari iliyotolewa Geneva mwaka 1948 iliporekebishwa Chicago mwaka 2017, iliongezwa neno hili: daktari aitunze afya yake mwenyewe, ili awatumikie watu vema.

Basi tumepatana. Zamu za usiku zimebandikwa ukutani, na asiye na zamu huzima simu ya kazi. Lakini kwanza humwachia mwenzake maelezo kamili ya kila mgonjwa. Makarani mwalijua hili kuliko sisi: aachaye faili safi huenda nyumbani na moyo mweupe.

Hata hivyo, penye daktari mmoja tu, zamu haigawanyiki. Hapo bidii ya mtu haitoshi. Yapasa chama kiombe mtu wa pili, wala kisichoke kuomba.

Ndugu zetu, hatukuja kutetea uvivu. Twasema tu ya kwamba mtoto wa daktari naye ni mtoto, na mtoto wa karani vivyo hivyo.