Sinema Zilizotengenezwa Vugiri

 Fungueni madaftari yenu. Leo nitazungumza nanyi juu ya Mwingereza mmoja, Meja L. A. Notcutt, aliyetengeneza sinema katika milima yenu.

Bwana huyu alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki. Huko alifikiri kuwa sinema ingewafanya wafanyakazi waridhike na kazi. Mwaka 1935 shirika la Carnegie la Marekani lilitoa fedha, na kazi ikaanza chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni. Makao yakawa Vugiri, Korogwe. Notcutt aliongoza utengenezaji. Mwenziwe, Bwana G. C. Latham, alisimamia elimu. Kufika 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35.

Filamu hizo zilikuwa na upana wa milimita 16, na zenyewe hazikuwa na sauti. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, zikapigwa pamoja na picha. Faida yake ni hii: picha moja iliweza kusema Kiswahili hapa, Kiganda kule Uganda, na Kinyanja katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Ukibadili sahani, umebadili lugha. Mitambo ilipakiwa katika lori, ikapelekwa nchi hata nchi.

Filamu nyingine zilifundisha juu ya safura, na malaria ya watoto. Moja ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Watu wawili wanapata mshahara. Mmoja anaficha fedha zake ardhini, na mwizi anazichukua. Wa pili anaziweka posta, nazo zinabaki salama.

Somo hilo ni la kweli. Fedha iliyofukiwa haina mlinzi. Lakini sisi tuulize zaidi. Je, mshahara wenyewe ulitosha? Nani aliupanga? Somo la akiba halikufika huko. Waafrika walionekana katika picha, lakini mambo ya kufundishwa yaliamuliwa na wengine.

Kati ya filamu zile 35, zinazojulikana kuwa zimehifadhiwa ni tatu tu, nazo zimo Uingereza. Wajukuu wa watu waliopigwa picha hawawezi kuziona kwa urahisi.

Basi, ndugu zangu, kila mtazamapo picha au msomapo gazeti, ulizeni mambo matatu. Nani ametengeneza? Kwa fedha ya nani? Ni jambo gani halikusemwa? Msiikatae elimu kwa sababu imetoka mbali. Ipimeni kwanza, kisha chukueni iliyo njema.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini maneno yalitiwa katika sahani?
2. Wewe huweka akiba yako wapi, na kwa nini?
3. Kama ungetengeneza filamu juu ya kijiji chako, ungeonyesha nini kwanza? Andika sentensi tano.

Kwaherini mpaka somo lijalo.